Mabasi ya gesi: Dar es Salaam imeanza, je, Kampene itapata nini?

Asubuhi pale Kampene, mtu anayetaka kusafiri kwenda Kindu haulizi basi linaondoka saa ngapi. Anauliza nani ana pikipiki iliyo tayari, barabara ikoje tangu mvua ya jana, na zaidi ya yote, esansi inauzwa bei gani leo. Jibu la swali hilo la tatu ndilo linaloamua kama mgonjwa atapelekwa hospitali leo au kesho kutwa, kama mama muuza mchele atapakia magunia mawili au moja, na kama mwalimu atakwenda kuchukua mshahara wake au atangoja mwezi mwingine ili safari moja imalize kazi mbili.

Ndiyo maana habari zinazotoka Dar es Salaam, kwamba mji huo umeanza kuendesha mabasi ya abiria kwa gesi asilia, zinasikilizwa kwa makini hata katika teritwari ya Pangi, ambako basi la abiria ni kitu cha kuonekana kwenye simu. Bandari ya Dar es Salaam ni mlango wa mashariki ya Congo. Mafuta, saruji, nguo na vipuri vingi vinapitia huko kabla ya kuvuka Tanganyika au kupanda hadi Kivu. Mlango ukibadilisha mafuta yake, ni haki walio nyuma ya nyumba kuuliza kama kuna kitu kitakachowafikia.

Jibu fupi ni kwamba gesi yenyewe haitafika Kampene karibuni, na yeyote atakayeahidi mabasi ya gesi katika Pangi anapaswa kuulizwa maswali magumu. Hata hivyo, namna Tanzania ilivyofika hapo, na mahali ilipokwama, inaonyesha wazi ni nini kinachofanya usafiri wa Maniema uwe ghali hivi.

Dar es Salaam ilianza wapi

Tanzania haikuamka siku moja ikawa na gesi. Gesi ya kisiwa cha Songo Songo, mkoa wa Lindi, iligunduliwa mwaka 1974. Ile ya Mnazi Bay, mkoa wa Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982. Ilipita miaka 30 tangu ugunduzi wa kwanza mpaka bomba la Songo Songo likafika Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2004. Bomba la pili, kubwa zaidi, linalotoka Mtwara, lilikamilika mwaka 2015. Kazi ya kwanza ya gesi hiyo ilikuwa kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Magari yalikuja baadaye, na polepole.

Walioanza kuhamia gesi kwa wingi hawakuwa wenye mabasi. Walikuwa madereva wa teksi, wa bajaji na wenye magari madogo. Sababu yao ilikuwa hesabu tu. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, bei ya petroli Tanzania ilipita shilingi 3,000 kwa lita. Kilo moja ya gesi ilikuwa ikiuzwa shilingi 1,550 hivi, na kilo moja ya gesi inafanya kazi ya karibu lita moja na nusu ya petroli.

Tuchukue teksi inayochoma lita 10 za petroli kwa siku. Kwa bei ya shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 30,000. Teksi hiyohiyo ikitumia gesi, inahitaji karibu kilo 6.7, yaani kiasi cha shilingi 10,400. Kila jioni dereva anabaki na zaidi ya shilingi 19,000 ambazo jana zilikuwa zinaishia kwenye pampu. Kufunga mtungi na vifaa vya gesi kwenye gari dogo kuligharimu karibu shilingi milioni 2, hivyo baada ya siku mia moja na kidogo za kazi, gharama hiyo imekwisha kurudi.

Mabasi ya umma yalichelewa. Mradi wa mabasi yaendayo kasi, unaosimamiwa na wakala wa serikali uitwao DART, ulianza kubeba abiria Mei 2016 katika barabara ya Kimara. Gesi ilikuwa imekwisha fika Ubungo, kwenye barabara hiyohiyo, kwa zaidi ya miaka 10. Lakini mabasi yaliyonunuliwa yalikuwa ya dizeli, kile tunachokiita mazuti. Ni katika awamu ya pili, barabara ya Mbagala, ndipo mabasi yanayotumia gesi asilia yaliletwa na kampuni ya Mofat, na huduma ikaanza Oktoba 2025.

Kwa hiyo nchi yenye gesi yake yenyewe, yenye bomba mpaka katikati ya mji na yenye bandari ya kupokelea mabasi, ilitumia miaka zaidi ya 20 tangu gesi ifike mjini mpaka basi kubwa la umma likaendeshwa kwa gesi hiyo. Mwanasiasa atakayesema jambo hilo linafanyika ndani ya muhula mmoja katika jimbo lisilo na bomba wala barabara, ana deni la maelezo.

Si gesi ya kupikia

Kuna jambo linalochanganya watu wengi. Gesi hii si ile ya chupa za kupikia zinazoonekana Goma, Bukavu au Lubumbashi. Ile ya kupikia ni propani na butani. Inageuka maji kwa mkandamizo mdogo, na ndiyo sababu chupa yake ni nyepesi na inabebeka.

Gesi asilia ni metani. Haikubali kugeuka maji kwa kukandamizwa tu katika joto la kawaida. Ili ipate kuingia kwenye mtungi wa gari, inasukumwa kwa nguvu mpaka mara 200 ya mkandamizo wa hewa tunayovuta. Gurudumu la gari dogo lina mkandamizo wa mara mbili hivi. Mtungi wa gesi una mara mia ya huo. Kwa hiyo unatakiwa kuwa wa chuma kinene au wa vifaa maalumu vya bei kubwa, unapimwa baada ya muda fulani, na hauchezewi na fundi wa kando ya barabara mwenye mashine ya kuchomelea vyuma.

Hata baada ya kukandamizwa namna hiyo, lita moja ya gesi ina nguvu ya karibu robo tu ya lita moja ya mazuti. Watu wa Kampene wanaweza kuelewa maana yake kwa kutazama pikipiki inayoleta esansi. Bidoni moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 16 hivi, na motari shupavu anafunga bidoni tatu au nne nyuma yake, anapita potopoto, anavuka daraja la miti, anafika. Kupata nguvu ileile ya bidoni moja kwa njia ya gesi, unahitaji mtungi wa chuma wa lita 80 hivi, wenye uzito wa karibu kilo 100 pamoja na gesi iliyomo. Hizo ni kilo 100 kwa bidoni moja tu.

Kwa lori ni vilevile. Lori la kawaida la mafuta linabeba lita 30,000 au zaidi. Lori la mitungi ya chuma linalobeba tani 4 za gesi limebeba kitu kinacholingana na lita 5,000 na kidogo za mazuti, na linarudi na chuma chote kikiwa kitupu. Katika lami ya Dar es Salaam, ambako gesi inatoka kituo mama na kwenda vituo vidogo vya mjini, hesabu hiyo inakubalika. Katika barabara ambayo lori linaweza kulala wiki nzima kwenye shimo moja, haikubaliki.

Foleni za Dar, somo la Delhi

Hata Dar es Salaam kwenyewe mambo hayakwenda sawasawa. Madereva walihamia gesi haraka kuliko vituo vilivyojengwa. Mwaka 2023 na 2024, foleni za magari, teksi na bajaji kwenye vituo vichache vya gesi zikawa jambo la kila siku. Dereva aliyeokoa fedha kwenye pampu alizipoteza kwa saa alizosimama bila abiria. Shirika la mafuta la taifa, TPDC, lilijenga kituo mama katika barabara ya Sam Nujoma, karibu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili kupunguza msongamano huo na kulisha vituo vingine kwa malori.

Delhi, mji mkuu wa India, ilipitia hayo kabla. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamuru mabasi yote ya mji yahamie gesi asilia ifikapo tarehe 31 Machi 2001, kwa sababu moshi wa dizeli ulikuwa unaua watu. Siku ilipofika, mabasi ya gesi hayakutosha na vituo havikutosha. Watu walikosa usafiri na hasira ikapanda mitaani. Muda uliongezwa, na ilikuwa mwisho wa mwaka 2002 ndipo kazi ikaisha. Delhi ilifaulu, na mabasi yake yakawa mfano duniani, lakini ilifaulu kwa sababu mahakama haikurudi nyuma na kwa sababu bomba la gesi lilikuwa limefika mjini.

Nigeria nayo ilianza mpango wa serikali wa kuhamisha mabasi na magari kwenda gesi mwaka 2023, baada ya Rais Bola Tinubu kuondoa ruzuku ya petroli mwezi Mei mwaka huo na bei kupanda mara kadhaa. Nigeria nayo ina gesi yake.

Ukiweka mifano hii mitatu pamoja, kitu kimoja kinajirudia. Hakuna hata mmoja kati yao ulioanza na basi. Wote walianza na gesi iliyofika mjini kwa bomba, kisha vituo, kisha mafundi waliofunzwa, na basi likaja mwisho. Kununua basi ndiyo sehemu rahisi, na ndiyo inayopigwa picha.

Gesi ya Congo iko wapi

Msomaji atasema: Congo nayo ina gesi. Ni kweli. Huko Muanda, pwani ya Atlantiki, gesi inayotoka pamoja na mafuta ghafi imekuwa ikichomwa hewani kwa miaka mingi. Lakini Muanda ni upande wa pili wa nchi. Gesi hiyo ingeweza kusaidia Boma, Matadi au Kinshasa kabla ya kufikiriwa kwa Maniema.

Iliyo karibu ni ya ziwa Kivu. Chini ya maji ya ziwa hilo, ambalo lina kina cha mita 485, kumehifadhika karibu mita za ujazo bilioni 60 za metani, pamoja na hewa ya kaboni nyingi zaidi. Ni utajiri na ni hatari kwa wakati mmoja. Mwaka 1986 ziwa dogo la Nyos, huko Kameruni, lilitoa hewa ya kaboni usiku mmoja na kuua watu karibu 1,700. Ziwa Kivu ni kubwa mara nyingi kuliko Nyos, na kandokando yake wanaishi mamilioni ya watu. Kutoa metani kwa utaratibu ni njia mojawapo ya kupunguza hatari hiyo.

Upande wa Rwanda, jambo hilo si jipya. Tangu miaka ya 1960 gesi ya ziwa ilitumika kuchemsha maji kwenye kiwanda cha bia cha Gisenyi. Kituo cha KivuWatt huko Karongi, chenye megawati 26, kilizinduliwa mwaka 2016, na kingine cha megawati 56 kikafuata Rubavu. Mwaka 2019 serikali ya Rwanda ilisaini mkataba na kampuni ya Gasmeth wa kutoa gesi hiyo na kuikandamiza kwa ajili ya jikoni, viwanda na magari.

Upande wa Congo, serikali ya Kinshasa ilitangaza zabuni Julai 2022: vitalu 27 vya mafuta na vitatu vya gesi ya ziwa Kivu, yaani Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Januari 2023 vitalu hivyo vitatu vilipewa kampuni za Marekani na Kanada. Oktoba 2024 zabuni ya vitalu vya mafuta ilifutwa. Kisha vita vikabadilisha kila kitu. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Miji miwili mikubwa ya ufuko wa Congo ikawa mikononi mwao. Mkataba wa amani kati ya Kinshasa na Kigali uliosainiwa Washington tarehe 27 Juni 2025 unazungumzia ushirikiano wa uchumi, lakini hakuna mwekezaji anayeshusha mabomba kwenye maji ambayo mstari wa vita unapita kando yake.

Kwa Kampene, kupotea kwa Bukavu kulikuwa na maana ya moja kwa moja kuliko gesi. Bukavu lilikuwa soko. Bidhaa za madukani, dawa na vipuri vya pikipiki vilitoka huko, kwa barabara ya Shabunda au kwa ndege ndogo kutoka Kavumu. Njia hiyo ikibanwa, kila kitu kinatafuta mzunguko mrefu zaidi, na kila kilomita ya mzunguko inalipwa kwa mazuti.

Hesabu ya Kampene

Tuseme vita vinaisha kesho, na gesi inaanza kutolewa Goma au Bukavu. Je, inaweza kuendesha basi la Kampene?

Kikwazo cha kwanza ni umbali. Kutoka ufuko wa ziwa Kivu mpaka Kampene ni zaidi ya kilomita 200 hata kama ungeruka kama ndege. Kwa barabara, ambayo sehemu kubwa ni udongo ndani ya msitu, ni safari ya siku nyingi. Lori lililobeba tani chache tu za gesi lingechoma sehemu nzuri ya faida yake njiani.

Cha pili ni umeme. Kituo cha gesi kinahitaji mashine za kukandamiza zenye nguvu, zinazofanya kazi kila siku. Kampene haiko kwenye mtandao mkubwa wa SNEL. Kuendesha mashine hizo kwa jenereta ya mazuti, ili kuokoa mazuti, ni kuzunguka nyumba na kurudi mlangoni.

Cha tatu ni injini. Injini ya esansi ina bujii, na kuigeuza kwa gesi si kazi kubwa. Injini ya mazuti haina bujii. Malori na magari mengi yanayofika Pangi ni ya mazuti, na kuyageuza kunadai kubadilisha sehemu kubwa ya injini, au kuchanganya gesi na mazuti kwa vifaa vya bei ghali. Pikipiki nayo haina mahali pa kuweka mtungi wa kilo 80.

Cha nne, ambacho wengi wanakisahau, ni kwamba bei ya esansi Kampene haitokani na esansi peke yake. Serikali inapanga bei za mafuta kwa kanda, mashariki, magharibi, kusini na kaskazini, na inabeba pengo la kampuni za mafuta bei ya dunia inapopanda. Bei hiyo rasmi ina maana pale penye stesheni ya mafuta. Mahali ambapo mafuta yanauzwa na kadafi kwenye chupa za plastiki, bei halisi ni ile ya kanda, pamoja na gari moshi lililochelewa, pamoja na lori lililokwama, pamoja na vizuizi vya barabarani ambako kila mmoja anadai chake, pamoja na faida ya kila mkono uliogusa bidoni.

Reli inaeleza jambo hili vizuri. Kindu imeunganishwa kwa reli na Kongolo, kisha Kabalo, na kutoka hapo mstari mmoja unakwenda Kalemie kwenye ziwa Tanganyika na mwingine unashuka hadi Lubumbashi. Sehemu ya Kindu hadi Kongolo imekuwepo tangu mwaka 1910. Treni ya SNCC ikifika Kindu kwa utaratibu, bei zinashuka. Isipofika kwa wiki nyingi, zinapanda, hata kama bei ya mafuta duniani haikusogea senti moja. Kwa hiyo mafuta ya bei nafuu zaidi kwa Maniema huenda si mafuta ya aina mpya. Ni yaleyale ya zamani, yakifika kwa wakati.

Njia iliyo karibu zaidi

Hiyo haimaanishi watu wa Pangi wakae wakitazama wengine wakibadilika. Kitu walichofanya Tanzania ni kutazama kilicho chini ya miguu yao wenyewe. Chini ya miguu ya Maniema hakuna bomba la gesi, lakini kuna maji yanayoanguka.

Huko Kalima, katika teritwari hiyohiyo ya Pangi, kampuni za madini za wakati wa ukoloni zilijenga kituo cha umeme wa maji cha Lutshurukuru, kwa sababu zilijua kuchimba bati kwa mafuta ya kuletwa kutoka mbali ni hasara. Wabelgiji hawakufanya hivyo kwa kuwapenda wakaaji. Walifanya hesabu. Hesabu hiyo haijabadilika: mahali palipo mbali na bandari, nguvu inayozalishwa papo hapo ndiyo ya bei nafuu, na umeme unaopita kwenye waya haukwami kwenye potopoto.

Umeme unaweza pia kuendesha usafiri. Kigali ilianza kutumia pikipiki za umeme za kampuni ya Ampersand mwaka 2019, ambako motari habebi chaja, anabadilisha betri iliyokwisha kwa iliyojaa na kuondoka. Kuanzia Januari 2025 Rwanda iliamua kwamba pikipiki mpya za kubeba abiria mjini Kigali ziwe za umeme. Nairobi na Kigali zina mabasi ya umeme pia, yaliyoanza kwa majaribio madogo kabla ya kuongezwa.

Hapa nako inafaa kusema ukweli. Betri moja ya pikipiki kwa kawaida haifiki kilomita 100, na barabara mbaya inaimaliza mapema. Safari ya Kampene hadi Kindu itabaki ya esansi kwa muda. Lakini safari za ndani, kutoka sokoni mpaka hospitali, kutoka mitaani mpaka kwenye machimbo ya karibu, ni fupi. Kituo kidogo cha maji au paneli za jua zinaweza kulisha betri za pikipiki chache, na mchana huohuo kulisha friji ya chanjo na mashine ya kusaga mihogo. Kituo cha gesi hakiwezi kufanya hayo kwa kipimo kidogo. Ama unajenga kikubwa, ama hujengi.

Hata gesi ya Kivu, siku ikipatikana kwa amani, ina njia bora ya kuisaidia Maniema kuliko mitungi. Ikigeuzwa umeme pale ziwani, umeme huo unaweza kusafiri. Itachukua miaka, itahitaji nyaya na fedha nyingi, lakini ni mradi unaoeleweka kuliko lori la chuma ndani ya msitu.

Maswali ya kuuliza

Ahadi za usafiri zinakuja kila msimu wa siasa. Mabasi mapya yanapangwa uwanjani, yanapigwa picha, na baada ya miaka michache yanaonekana yamelala kwenye majani bila magurudumu. Mabasi ya gesi yakiahidiwa, hali itakuwa mbaya zaidi kama hakuna aliyeuliza, kwa sababu basi la mazuti lililokosa kituo linaweza kununua bidoni kwa kadafi, lakini basi la gesi lililokosa kituo ni nyumba ya kuku.

Wakaaji, mashirika ya raia na wabunge wa jimbo wana haki ya kuuliza mambo matano kabla ya kupiga makofi. Gesi itatoka wapi, na nani anaimiliki? Itafika kwa njia gani wakati wa mvua? Nani atapima mitungi kila baada ya muda, na kwa cheti gani? Basi likiharibika, kipuri kinatoka Kindu, Lubumbashi au China? Na fedha hizohizo zingewekwa kwenye madaraja na mashimo ya barabara ya Kindu, nauli ingeshuka kwa kiasi gani?

Swali la tano ndilo zito. Dar es Salaam iliweza kufikiria aina ya mafuta kwa sababu barabara yake ilikuwa imekwisha jengwa. Kampene bado inalipia barabara ambayo haipo, kila siku, kupitia bei ya chupa moja ya esansi. Mtu anayetaka kupunguza bei hiyo ana kazi ya kuanzia leo, na haihitaji kungoja gesi: greda, mawe, madaraja, treni inayofika Kindu, na vizuizi vichache barabarani.

Siku hizo zikitimia, basi litakuja lenyewe. Na hapo ndipo itakapokuwa na maana kuuliza linakunywa nini.